Wimbo wa moyo unatunza kichwa, makelele ya mugodi yanakiharibu

Wandugu watumikaji, tuanze na jambo ambalo kila mutu wa kambi anaweza kupima yeye mwenyewe jioni ya leo. Muulize mutu wa miaka 50 nini ilisemwa katika tangazo la mwezi uliopita juu ya prime. Atakuna kichwa. Kisha umuimbie mustari wa kwanza wa wimbo uliokuwa unapigwa katika maarusi wakati alikuwa kijana. Ataumaliza wote, maneno kwa maneno, atakuonyesha hata mahali gitaa inaingia, na pengine atasimama acheze. Tangazo limepotea katika mwezi moja. Wimbo umekaa miaka 30.

Sisi wa sendika tumezoea kuandika juu ya mushahara, mikataba na bei ya unga. Leo tunaandika juu ya muziki, na wamoja watasema: "Ba-delege bamekosa kazi?" Hapana. Kichwa cha mutumikaji ni chombo chake cha kwanza cha kazi, na masikio ni mulango wa kile kichwa. Mutu akisoma mupaka mwisho ataona kwamba tuko ndani ya kazi yetu sawasawa.

Nini inapita ndani ya kichwa

Ndani ya ubongo, pande zote mbili, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo ambayo wanganga wanaiita hipokampo. Hiyo ni kama pointeur kwenye mulango wa kazi: ndiye anaandika nani ameingia leo na saa gani. Jambo ambalo yeye hakuliandika, kesho huwezi kulikumbuka. Lakini huyu pointeur haandiki kila kitu kwa nguvu moja. Mambo mengi anayaandika na kalamu nyepesi, na kisha siku mbili yamefutika.

Ni nini inamufanya aandike kwa nguvu? Mara nyingi ni furaha, woga ao uchungu. Wakati mutu anapata kitu cha kumupendeza, ubongo unatoa dawa yake wenyewe, jina lake dopamini. Ni ile ile inayotoka tukikula tukiwa na njaa, ao tukipata feza ambazo hatukuzingojea. Dopamini ni kama mukubwa anayemuambia pointeur: "Huyu, andika jina lake na wino muzito."

Katika mwaka 2011, wachunguzi wa universite ya McGill, kule Montréal katika inchi ya Kanada, walichukua watu ambao wakiskia muziki wanaoupenda wanashikwa na baridi ya furaha, nywele za mikono zinasimama. Wakawapima ubongo na mashine wakati wanaskiliza. Waliona kwamba dopamini inatoka mara mbili. Mara ya kwanza inatoka mbele ya mahali patamu pa wimbo, wakati mutu anapangojea. Mara ya pili inatoka wakati pale mahali panafika. Na kila mara ni sehemu ingine ya ubongo inayofanya kazi.

Sisi Wakongomani hatuhitaji mashine kwa kuelewa ile. Kila mutu aliyekwisha kukaa katika nganda anajua: mwimbaji anaimba polepole, watu wako wanakunywa, wanazungumuza. Lakini miguu imekwisha kuanza kutingishika chini ya meza, kwa sababu seben iko inakuja. Kule kungojea seben ndiyo dopamini ya kwanza. Seben ikiingia, ni ya pili. Kiti kinabaki bila mutu.

Katika Barcelona, inchi ya Espania, wachunguzi walienda mbele zaidi. Walipatia watu 27 dawa tatu, kila moja siku yake: moja inayoongeza kazi ya dopamini, ingine inayoipunguza, na ya tatu isiyo na kitu ndani. Habari ilitangazwa mwaka 2019. Siku ya dawa ya kuongeza, watu walifurahia muziki zaidi. Siku ya dawa ya kupunguza, furaha ilipunguka. Tena, katika kazi iliyotangazwa miaka miwili mbele ya ile, watu waliskilizishwa vipande vya muziki ambavyo hawakuvijua. Kesho yake wakaulizwa: ni vipande gani muliviskia jana? Vile vilivyowapendeza sana ndivyo walivikumbuka vizuri zaidi.

Basi wimbo wa kale unakaa kichwani kwa sababu tuliupenda, na kupenda kunafanya wino uwe muzito. Kisha tuliurudilia mara mia, tukaucheza na mwili muzima, tukaufunga na arusi fulani, mutu fulani, mwaka fulani. Ukivuta uzi moja, nguo yote inakuja.

Si lazima Mozart

Wazazi wengi waliskia kwamba mutoto akiskiliza muziki wa Mozart anakuwa na akili. Habari hiyo ilitoka Amerika. Mwaka 1993, katika Kalifornia, wanafunzi 36 wa universite waliskiliza Mozart dakika 10, kisha wakafanya mutihani mudogo wa kupima maumbo kwa macho. Walifanya vizuri kidogo zaidi, lakini nguvu hiyo ilidumu dakika 10 ao 15 tu. Wale walikuwa wanafunzi wakubwa, hakukuwa hata mutoto moja. Lakini habari ikakimbia kuliko ukweli wake. Mwaka 1998, guvernere wa jimbo la Georgia aliomba feza za serkali kwa kupatia kila mutoto anayezaliwa CD ya muziki ya aina hiyo.

Mwanasayansi moja wa Toronto, Glenn Schellenberg, alipima tena pamoja na wenzake. Badala ya kulinganisha Mozart na kukaa kimya, alilinganisha Mozart na hadisi nzuri inayosomwa. Wenye kupenda Mozart walifanya vizuri kisha Mozart. Wenye kupenda hadisi walifanya vizuri kisha hadisi. Katika Uingereza, watoto wa miaka 10 na 11 walifanya vizuri zaidi kisha kuskiliza nyimbo za vijana za wakati ule kuliko kisha Mozart.

Somo ni hili: nguvu haitoki kwa jina la mutungaji. Inatoka kwa moyo wa yule anayeskiliza. Mutu akifurahi, anaamuka, na kichwa kinafanya kazi vizuri kwa kipindi kidogo. Basi tusione haya na yetu. Karindula yetu ya Lubumbashi, ile banjo kubwa yenye tumbo la pipa na ngozi ya mbuzi, kwa mutu aliyekomaa nayo, inafungua kichwa sawa vile Mozart anafungua cha mutu wa Vienne.

Na wale wazee wetu wa gitaa walikuwa wanafanya kazi ya ukumbusho pasipo kujua jina lake. Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alipita Jadotville, leo Likasi, na mashine yake ya kurekodi, akakutana na kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. "Masanga" ilirekodiwa wakati ule. Miaka zaidi ya 70 imepita. Maofisi mengi ya wakati ule yamefungwa, makaratasi yameliwa na muchwa, lakini vidole vya Mwenda tunaviskia mupaka leo. Watumikaji wengi wa wakati ule hawakuandika vitabu. Maisha yao ya kambi, safari zao na njaa zao viliwekwa katika nyimbo, na katika nyimbo ndimo tunavikuta.

Mugonjwa wa AVC na redio yake

Tufike sasa kwa jambo ambalo linaweza kusaidia nyumba nyingi. Kila mwaka tunaona katika kambi zetu wenzetu walioangushwa na AVC: tension imepanda, damu imeziba ao mushipa umepasuka kichwani, mukono moja umekufa, maneno yanapotea. Mutu anarudi nyumbani kutoka lopitali, wanamukalisha kwenye kiti, na kimya. Wageni wanaambiwa: "Musimusumbue, muache apumuzike."

Katika Helsinki, mji mukubwa wa Finlande, Teppo Särkämö na wenzake waliwafwata wagonjwa wa AVC na kutangaza habari yao mwaka 2008. Wagonjwa 60 waligawanywa katika makundi matatu. Wote walipata matunzo ya kawaida ya lopitali. Kundi la kwanza, kwa miezi miwili, waliskiliza kila siku, hata saa moja, muziki ambao wao wenyewe waliuchagua. Kundi la pili waliskiliza vitabu vinavyosomwa. Kundi la tatu hawakuongezewa kitu.

Miezi mitatu kisha ugonjwa, wakapimwa ukumbusho wa maneno. Wa muziki walikuwa wamepanda kwa 60%, wa vitabu kwa 18%, na wale wasioongezewa kitu kwa 29%. Hata uangalifu wa wenye kuskiliza muziki ulirudi vizuri zaidi, na huzuni yao ilikuwa kidogo kuliko ya wale wasioongezewa kitu.

Muskie vizuri, wandugu. Muziki haukuwa badala ya munganga. Mwenye tension anywe dawa zake, na mwenye AVC apelekwe lopitali saa ile ile, si kesho. Lakini kisha lopitali, ile kazi ya miezi miwili haiombi feza nyingi. Redio ndogo, ao telefone ya mutoto, na mutu wa kumuuliza mugonjwa: "Baba, unapenda tukuwekee gani?" Tena kuuliza ni lazima. Ukimuwekea wimbo unaoupenda wewe na yeye anauchukia, umemuongezea makelele tu.

Muzee anayesahau si mulozi

Kuna jambo lingine ambalo tunapashwa kulisema wazi. Katika kité zetu, mutu muzee akianza kusahau majina ya wajukuu, akitoka usiku na kupotea njia, akisema na watu wasiokuwapo, mara nyingi neno la kwanza ni uchawi. Tumeona wazee, zaidi bamama wajane, wanafukuzwa katika nyumba walizozijenga wao wenyewe. Wengi wao ni wagonjwa. Kuna magonjwa ya ubongo, na lile linalojulikana zaidi linaitwa Alzheimer, yanayokula ukumbusho polepole. Yule pointeur wa hipokampo anakuwa kati ya wa kwanza kuugua. Ni ugonjwa kama sukari. Hakuna mutu aliyekuliwa.

Lakini hata pale, wimbo unakawia kutoka. Mwaka 2015, wachunguzi wa Leipzig, inchi ya Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazoshika nyimbo za zamani ni kati ya zile ambazo Alzheimer inazichelewesha. Na kuna mufano unaojulikana sana wa Mwingereza Clive Wearing, mwanamuziki na mwongozi wa korale. Mwaka 1985 ugonjwa uliingia katika ubongo wake, si Alzheimer, ni virusi, ukaharibu hipokampo yake. Tangu siku ile hakuweza kushika jambo jipya zaidi ya sekunde chache. Muke wake akitoka kidogo na kurudi, anamusalimia kama mutu ambaye hawajaonana miaka mingi. Lakini ukimukalisha mbele ya piano, anapiga. Ukimupatia korale, anaiongoza mupaka mwisho.

Kwa hiyo, mwenye muzee wa namna hiyo nyumbani, usipigane naye juu ya majina na tarehe. Imba naye. Wimbo wa kanisa wa utoto wake, wimbo wa kijiji kwa luga yake ya mama, wimbo wa ujana wake wa nganda kama alikuwa mutu wa nganda. Hautamuponyesha. Ugonjwa huo haujapata dawa ya kuumaliza. Lakini kwa dakika kumi ao ishirini utamurudishia mutu wake wa zamani, na wewe pia utamuona tena.

Watoto na masomo

Neno moja kwa wanafunzi, kwa sababu tunajua wengi wanasoma na ekutere masikioni. Nyimbo zenye maneno, wakati unafunza kwa kichwa, zinapiganisha: maneno ya wimbo na maneno ya kitabu yanataka kupita katika mulango moja. Wachunguzi walilipima jambo hilo zamani. Skiliza wimbo wako mbele ya kusoma, moyo uamuke, kisha uzime. Na kama somo ni gumu, uliimbe. Ndivyo tulivyofunzwa kuhesabu katika shule ya musingi, na tunakumbuka mupaka leo.

Sasa, juu ya masikio

Furaha yote hii inapita katika mulango moja mudogo. Ndani ya kila sikio kuna kama nywele ndogondogo sana, zinakaribia 15.000, ambazo zinageuza sauti kuwa habari kwa ubongo. Mutu anazaliwa nazo, na zikikufa hazioti tena. Hakuna munganga wa kuzipanda. Na kitu kinachoziua zaidi katika kazi yetu ni makelele.

Hesabu yake ndiyo hii. Makelele yanapimwa kwa desibeli. Wenye kufanya kanuni za kulinda watumikaji wanasema mutu asipitishe saa 8 katika desibeli 85. Kila mara inapopanda desibeli 3, saa zinagawanywa kwa mbili: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Kwa 100, ni dakika 15 tu. Mashine ya kutoboa mawe inapita 110. Mutu anayeishika bila kitu masikioni amemaliza kipimo chake cha siku mbele ya kumaliza dakika mbili. Nasi tunajua wenzetu walioishika miaka 20.

Ubaya wake ni kwamba hauumi. Kwanza, kisha posti, masikio yanalia "nziiii", asubui imepita. Kisha haipiti tena. Sauti za juu ndizo zinakufa mbele: sauti ya mutoto, ya ndege, ya mwanamuke. Bamama, ninyi ndio wa kwanza kuona. Bwana anapandisha redio mupaka majirani wanalalamika. Unamuita mara tatu anakaa kimya, unawaza amekasirika ao ana mawazo ya mwanamuke mwingine. Mara nyingi hakuskia tu. Nyumba ngapi zimeingia ngambi juu ya sikio lililokufa ambalo hakuna mutu alilipima?

Na haiishi katika sikio. Mwaka 2020, komisio ya wanganga wa inchi mbalimbali waliokusanywa na gazeti la udaktari The Lancet walitaja sababu 12 za kupoteza akili katika uzee ambazo zinaweza kupiganishwa. Kupoteza masikio ilikuwa kati ya zile za juu kabisa. Mutu asiyeskia anatumia nguvu nyingi za ubongo kwa kutafuta tu maneno, anabakiwa na kidogo kwa kuyakumbuka. Kisha anachoka, anaepuka mikutano, anaacha korale, anakaa peke yake. Mwenye kuiba masikio ya mutumikaji ameiba na uzee wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo ine, na tunaomba kila delege ayapeleke katika komite ya usafi na usalama ya mahali pake:

Moja: makelele yapimwe kwenye kila posti, na hesabu ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu.

Mbili: masikio ya mutumikaji yapimwe siku anaingia, kila mwaka, na siku anatoka, na apewe kartasi yake mukononi. Bila kartasi ya siku ya kuingia, siku ya kutoka wataambia mutu: "Ulikuja hivyo."

Tatu: vizibo vya masikio na kaske za kuzuia makelele vitolewe kwa wote na vibadilishwe vikichakaa, bila kukata mushahara. Tumeona mahali ambapo vinatolewa asubui ya inspection, jioni vinarudishwa katika depo. Hiyo ni kudanganya.

Ine: mashine itengenezwe ipunguze makelele, kabine zifungwe vizuri, na watu wapokezane kwenye posti za makelele makali. Kizibo cha sikio ni cha mwisho, si cha kwanza.

Hatuombi zawadi. Kode ya kazi ya inchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha mwenye kompanyi kulinda afya ya watu wake, na ile komite si ya kujaza kartasi tu.

Upande wetu pia kuna kazi. Kijana anayetoka katika makelele saa 8 na kuweka ekutere kwa nguvu yote katika bisi, anazidishia sikio lililokwisha kuchoka. Shirika la afya la ulimwengu linasema desibeli 80, saa 40 kwa juma, isipite pale. Ndani ya mugodi, ekutere hapana kabisa: mutu asiyeskia kamio ikirudi nyuma hatakuwa na nafasi ya kukumbuka wimbo. Na makanisa yetu na nganda zetu zigeuze mabafle yasiwaangalie watoto usoni.

Katika mikutano ijayo ya komite, kila delege aje na ulizo moja tu la kuanzia: kwenye posti yetu ni desibeli ngapi? Mukubwa akisema hajui, muandike jibu hilo katika ripoti, na tarehe, na saini yake. Kazi inaanza pale.